Roketi ya Bwana wa Jiko

Mtu wa kwanza kuirudisha picha alikuwa Bibi Diao, na Bibi Diao hakuwa mtu wa kurudisha kitu kimyakimya. Alikatiza katikati ya gulio la tarehe kumi na tatu ya mwezi wa mwisho, kapu la vitunguu mkono mmoja, picha iliyoviringishwa mkono wa pili, akasimama mbele ya meza ya Miao Cuilan na kuitandaza juu ya zile nyingine.

"Cuilan, mwanangu, mimi macho yangu mabovu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza samaki. "Hebu nionyeshe farasi yuko wapi."

Cuilan alijua fika kwamba farasi hayupo. Picha zile alikuwa amezipiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, elfu mbili, kila moja rangi tano, mpaka kucha zake zikawa na zambarau isiyotoka kwa sabuni. Na hakuna asiyejua kazi ya farasi. Kila nyumba hununua picha mpya ya Bwana wa Jiko mwaka unapokaribia kwisha. Tarehe ishirini na tatu hukatwa utepe wa juu wenye farasi, ukachomwa pamoja na picha kuukuu iliyokula moshi jikoni mwaka mzima, ili Bwana wa Jiko apande huyo farasi aende mbinguni kusema nyumba hii imeishije. Siku ya mkesha wa mwaka mpya hurudi, na ndipo picha mpya hubandikwa juu ya jiko. Mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Ila mwaka huu, kwenye picha za nyumba ya akina Tan, alikoolewa Cuilan, pale juu mahali pa farasi palikuwa na roketi nyekundu inayotoa moshi wa kijani.

"Farasi amepewa likizo, Bibi," alisema Jingya, binti ya Cuilan, akisukuma miwani yake puani. "Siku hizi chombo kinachokwenda mwezini kinaitwa Chang'e, jina la yule mwanamke wa hadithi za kale aliyekimbilia mwezini. Gari lake linaitwa Sungura, kama sungura wake. Kama wakubwa wenyewe wamechanganya, sisi tukatae nini?"

"Sikatai. Kupanda, atapanda," alisema Bibi Diao. "Televisheni ninayo. Naliona lile dude linavyoruka na kutupa vipande, kimoja huku, kingine baharini. Sasa mimi nauliza swali la mtu ambaye hakusoma. Siku ya mkesha, huyu bwana atarudi na nini?"

Wanawake watatu waliokuwa wakichagua picha waliziweka chini polepole.

"Atarudi kwa miguu, Bibi," alidakia Xing Dacheng kutoka meza ya jirani. Xing aliuza picha za mashine, zenye dhahabu ya kung'aa, na farasi wake walikuwa wanene kupita kiasi. "Mwezi wa tatu hivi atakuwa ameshafika. Mwekeeni chakula."

Watu walicheka, na kicheko cha gulioni kina miguu, hutembea. Kabla ya saa sita picha kumi na moja zilikuwa zimerudishwa. Mama mmoja alizipokea yuani zake tano kutoka mkononi mwa Cuilan, akageuka, akampa Xing zile zile bila hata kusogea hatua mbili. Xing alikuwa na moyo mzuri kwa namna yake. Alimtuma mkewe alete kiazi kitamu cha kuchoma, "cha kumtuliza mtoto". Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Cuilan alikipokea kwa mikono miwili na kusema asante, na ile asante ilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

*

Mzee Tan Shouyi alikuwa ameketi juu ya kitanda cha udongo, moto ukiwaka chini yake, akila chapati ya mahindi na kitunguu kibichi. Alikuwa mchongaji wa mbao za chapa tangu ana miaka kumi na mitatu. Sasa alikuwa na sabini na minne, na mkono haukuwa umeanza kumtetemeka.

"Bibi Diao kasema nini?" aliuliza.

"Hajasema kitu, Baba," alijibu Cuilan, ambaye kwake mzee huyu alikuwa baba mkwe.

"Bibi Diao hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, nami nimemjua kabla hajaota meno ya pili. Mumeo akipiga simu kutoka Qingdao mdanganye yeye. Mimi nambie."

Jingya ndiye aliyesimulia, tena bila kuficha, hata kiazi. Alisimulia akitazama bakuli lake. Mapatano kati yake na babu yalikuwa wazi tangu vuli, siku alipowasili kutoka Shenzhen, alikokuwa akichora mapambo ya makava ya simu kiwandani. Alitaka chumba cha chapa kiwe chake, afanye kazi ya nyumba yao kwa macho yake mwenyewe. Babu akamwambia: uza picha elfu moja za hiyo roketi yako kabla ya tarehe ishirini na tatu, chumba chako. Usipoziuza, rudi kwenye makava yako, na chumba nampa binamu yako aweke vitunguu saumu. Mzee hakugusa kazi ile hata kwa ncha ya kisu. Roketi aliichonga Jingya mwenyewe, plasta kwenye vidole vitatu, na babu alipita mara moja tu, akainama, akasema moshi umetoka kama mkia wa mbuzi.

Cuilan alitarajia mzee acheke. Lakini aliposikia swali la Bibi Diao, aliacha kutafuna.

"Ana haki," alisema.

"Hata wewe, Babu?"

"Farasi wetu umewahi kumtazama?"

"Nimekua chini yake."

"Kichwa kinatazama wapi?"

Jingya alifikiri. Farasi wa akina Xing, na wa kila mtu, hutazama mbele. Farasi wa akina Tan hukimbia kwenda juu huku shingo imegeuka nyuma. "Nilidhani ni urembo," alisema.

"Baba yangu alinipiga kofi nilipomchonga akitazama mbele. Akaniambia, aende, lakini aione njia ya nyumbani. Roketi yako haitazami popote. Inaondoka, basi."

"Basi na mimi nitaondoka nayo." Jingya aliweka vijiti chini. "Tiketi ninayo, ya tarehe sita ya mwaka mpya. Babu, tangu nimekuja humu ndani naambiwa uza, uza. Hakuna hata mmoja aliyeniambia baki."

Alikwenda chumbani kwake na mlango ukafungwa taratibu, na huo utaratibu ndio uliomchoma Cuilan. Alitaka mwanawe abaki. Lakini alikuwa amejiapiza kwamba hatakuwa mama wa kumfunga mtoto kwenye meza ya wino, kama yeye alivyofungwa akiwa bibi arusi wa miaka ishirini. Basi akaosha mabakuli, akarudia kuyaosha tena. Mzee Shouyi aliketi pale pale akilitazama lile bakuli la mjukuu lililobaki nusu.

*

Asubuhi, Cuilan alisikia sauti ndogo kutoka chumba cha chapa. Ilikuwa sauti ya kisu cha mzee ndani ya ubao wa mpeasi, na hakuwa ameisikia tangu masika.

Mzee alikuwa ameinama juu ya kipande cha ubao kisichozidi kiganja. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la wino wa masizi, na ndani yake chombo cha wanaanga kilikuwa kikishuka juu ya mbuga za Mongolia ya Ndani, chini ya mwavuli mkubwa wa mistari myekundu na myeupe. Kilitua, vumbi likapanda, watu wakakikimbilia.

"Mama Jingya, nirudishie hiki kitu mwanzo. Mimi nikikigusa kinaniletea mtu anayeuza viatu."

Cuilan alikirudisha. "Ni nini hiki, Baba?"

"Kengele. Si unaona umbo lake? Wakienda huko juu hurudi ndani ya kengele." Alielekeza kwa ncha ya kisu. "Na tazama ubavu wake ulivyoungua. Hilo limenipendeza. Kitu kilichotoka mbali kisirudi kinang'aa kama sufuria mpya."

"Unachonga njia ya kurudi."

"Nachonga kengele," alisema mzee. "Nenda kaponde rangi nyekundu."

Hakumwita Jingya. Alichofanya ni kukohoa kwa nguvu na kulalamika peke yake, tena kwa sauti, kwamba kamba za mwavuli hazihesabiki na ambaye angeweza kumsaidia amelala hadi saa mbili kama mke wa diwani. Muda si muda Jingya alikuwa mlangoni na nywele zimesimama.

"Kamba ni nyingi kuliko hizo, Babu. Umeweka saba."

"Nyingi kuliko saba zitavunjika ubao ukilowa."

"Zifanye nyembamba."

"Ndizo zitakazovunjika mapema."

"Basi zichonge mbili mbili, zikutane hapa chini. Zitashikana." Alichukua penseli na kuchora juu ya ubao wa babu yake bila ruhusa, jambo ambalo baba yake mwenyewe hajawahi kuthubutu. Mzee alitazama, akakoroma puani, akachonga mbili mbili.

Siku nne walifanya kazi hivyo. Mzee alichonga ubao wa mistari myeusi, Jingya akachonga ubao wa pili wa rangi nyekundu kwa ajili ya mwavuli, na Cuilan akakata karatasi. Waligombana kuhusu moshi, kuhusu nyasi za mahali pa kutua, kuhusu kama mbuga inahitaji kondoo. Kondoo alishinda. Mpango ukawa huu: kila anayenunua picha apewe bure kikaratasi cha kengele. Tarehe ishirini na tatu atachoma roketi, na siku ya mkesha atabandika kengele juu ya jiko, hapo Bwana wa Jiko atakuwa amefika.

Kwenye kengele kulikuwa na kidirisha, na ndani ya kidirisha uso. Nyumba ile ina desturi kwamba uso huchongwa mwisho, na mchongaji huuchonga akiwa peke yake. Mzee aliwatoa wote nje alasiri ya tarehe kumi na sita, akafunga mlango. Alipoufungua, Cuilan ndiye aliyepiga chapa karatasi ya kwanza. Aliipandisha kwenye mwanga. Uso ulikuwa mdogo kama punje ya kunde, na Cuilan aliutazama muda mrefu kuliko punje ya kunde inavyostahili. Kisha akamtazama baba mkwe wake, na mzee akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia kisu, ambacho kilikuwa begani kwake.

"Usimwambie," alisema.

Cuilan aliinamisha kichwa na kuendelea kupiga brashi, huku macho yamemjaa machozi. Jingya alipochukua zamu yake ya kuweka rangi nyekundu, hakuona kitu, kwa kuwa mpiga chapa hutazama pembe za karatasi zikae sawasawa. Nyuso huwaachia wanunuzi.

*

Gulio la tarehe kumi na nane lilikuwa na baridi ya kukata masikio. Mzee Shouyi alikuja mwenyewe, akaketi nyuma ya meza juu ya kigoda, mikono ndani ya mikono ya koti. Alisema amekuja kuangalia bei ya figili.

Bibi Diao alifika mapema. Jingya alimweleza mpango wote, roketi ya kupandia na kengele ya kurudia, na bibi akasikiliza akiwa amebana mdomo. Watu walianza kukusanyika, maana kila mtu alijua kwamba Bibi Diao akisikiliza kimya kuna jambo linapikwa.

"Lakini roketi ni ya haraka mno," alisema mama mmoja mwenye kilemba cha buluu. "Farasi huchelewachelewa njiani. Akifika, Bwana wa Jiko ameshasahau nusu ya mambo yetu. Kwa roketi atafika na kila kitu kichwani. Mwaka huu mimi na wifi yangu tumegombana mara nne mbele ya lile jiko."

Hilo nalo hawakuwa wamelifikiria. Jingya alimtazama babu yake, na babu akatazama figili.

Aliyejibu alikuwa Bibi Diao. "Wewe, siku ya kumuaga unampaka nini mdomoni?"

"Peremende ya kimea, kama watu wote."

"Ya nini?"

"Imnate midomo asiseme mabaya."

"Haya. Sasa kwa farasi, safari yote hiyo, mpaka afike peremende si imeshayeyuka? Anafika mdomo wazi, anamwaga yote, wewe na wifi yako na hizo mara nne. Mimi miaka sabini nilikuwa najiuliza mbona nampaka na bado mambo yangu yanajulikana." Bibi Diao aligeukia umati, na sasa alikuwa akiihutubia wilaya nzima. "Kwa roketi ni dakika nane. Nimeziona kwenye televisheni. Anafika midomo imeganda. Mfalme wa Mbinguni anamuuliza, vipi wale wa kijiji cha Tanjia? Yeye, mmm, mmm. Mfalme anasema, inaonekana wako salama, nenda kapumzike."

Kicheko kilichopasuka pale kilimfanya muuza samaki aache mizani yake na kuja kuona. "Nipe tatu," alisema Bibi Diao. "Moja yangu, mbili za wakwe zangu. Nyumba yetu ina mengi."

Baada ya hapo Cuilan hakupata hata nafasi ya kupangusa pua. Mama wa kilemba cha buluu alichukua mbili, moja ampelekee wifi yake. Muuza samaki alichukua nne bila kusema anaficha nini. Wale waliorudisha siku ile walirudi, wengine wakijifanya ndio mara yao ya kwanza kupita hapo. Xing Dacheng alisimama mbele ya farasi wake wanene akaona meza yake imekaukiwa watu, akaja akijikuna shingo kuuliza kama anaweza kupata mia moja auze yeye, kwa faida ndogo tu. Jingya alimhesabia mia moja. Cuilan yeye alikwenda mwenyewe kwa muuza viazi, akanunua kiazi kitamu kikubwa kuliko vyote, cha moto, akampa Xing kwa mikono miwili.

"Cha kumtuliza mtoto," alisema. Xing alicheka mpaka akakohoa, akakila pale pale.

Kabla jua halijapinduka, picha ya elfu moja ilikuwa imeshaondoka. Jingya alitangaza hesabu hiyo kwa sauti ndogo, na mzee akaitikia kwa kichwa tu. Chumba kilikuwa chake. Lakini Cuilan alijua kwamba kushinda chumba na kutaka kukaa ndani yake ni mambo mawili.

Ndipo Bibi Diao, mwenye macho mabovu, alipoinua kikaratasi cha kengele mpaka karibu na pua.

"Na huyu mbona ana miwani?"

Jingya alikichukua. Alivua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya skafu, akaivaa tena na kutazama. Ndani ya kidirisha, chini ya kamba zilizochongwa mbili mbili, ulikuwa uso wa mviringo, nywele zimesimama, na juu ya pua duara mbili ndogo sana.

"Babu," alisema.

"Kule juu kuna vumbi," alisema Mzee Shouyi.

"Babu, Bwana wa Jiko ana ndevu. Huyu hana ndevu."

"Anasoma makosa ya wilaya nzima. Macho yanachoka." Mzee alisimama akajipangusa suruali, ambayo haikuwa na kitu. "Figili zimepanda bei mwaka huu. Twendeni nyumbani."

Jingya alikikunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

*

Tarehe ishirini na tatu, jioni, walisimama watatu uani. Picha kuukuu ilikuwa imebanduliwa, nyeusi kwa moshi, na mdomo wa Bwana wa Jiko ulikuwa umepakwa peremende mpaka kidevuni, maana Cuilan alisema mwaka huu hataki kubahatisha. Mzee Shouyi aliweka chini majani makavu na bakuli la maji, kama alivyowawekea farasi wote wa maisha yake. Kisha akatoa chupa ya pombe kali mfukoni, akajaza kifuniko chake na kukiweka kando.

"Hiyo ya nani, Baba?" aliuliza Cuilan.

"Ya roketi. Nayo inakunywa kitu, au inakwenda kwa maneno matupu?"

"Na majani?"

"Farasi naye asije akaona ametupwa."

Jingya alikata utepe kwa mkasi, akawasha kiberiti. Roketi iliungua kuanzia moshi wake wa kijani, ikapanda na upepo juu ya ukuta, vipande vyeusi vikapita paa la jirani. Cuilan alivifuata kwa macho mpaka vikapotea, na hapo neno alilolikalia miezi minne likamtoka lenyewe, wala hakulipamba.

"Baki, mwanangu."

Jingya aliendelea kutazama juu. "Tiketi nimeirudisha tangu tarehe kumi na nane," alisema. "Nilikuwa nasubiri mtu aseme."

Cuilan alimshika mkono, mkono wenye plasta na wino, akaung'ang'ania. Mzee Shouyi alichukua kile kifuniko, akaona roketi imeshakwenda bila kukimaliza, akakinywa mwenyewe.

"Vizuri," alisema, akielekea mlangoni. "Basi kesho ukauchonge upya ule moshi. Bado ni mkia wa mbuzi."